“Si Mtengeneze Tu Kama Oksijeni?” Dhana Potofu Kuhusu Heliamu

Swali hilo nimeulizwa mara tatu mwezi huu. Aliyeanza alikuwa afisa wa ununuzi wa hospitali moja hapa Nairobi, aliyekuwa ameshika ankara ya heliamu kioevu ya kujazia mashine ya MRI, ile inayopiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku inayopozwa kwa heliamu, na kuisoma mara mbili kana kwamba tarakimu zake zingebadilika. Wa pili alikuwa daktari. Mara ya tatu waliouliza walikuwa wanafunzi wa mwaka wa tatu wa fizikia walioletwa kwangu kwa mafunzo ya kazini, na hapo ndipo nilipoamua kuandika, kwa sababu afisa wa ununuzi ana udhuru lakini mwanafunzi wa sayansi hana. Kazi yangu ni kuhudumia sumaku za MRI, na inaniuma kusikia gesi hii ikizungumziwa kama bidhaa ambayo kiwanda chochote kingeitoa endapo tu wenye kiwanda wangeamua.

Hoja yenyewe huja hivi. Oksijeni hutolewa hewani hapa hapa Eneo la Viwanda, na naitrojeni kioevu vilevile. Tangu janga la Korona, hospitali kadhaa za kaunti zina mitambo yake ya oksijeni uani, inayofanya kazi mchana na usiku. Heliamu nayo imo hewani, kama kila kitabu cha kemia kinavyosema. Kwa nini basi iagizwe ng’ambo kwa bei hiyo? “Mhandisi, si mtengeneze tu kama oksijeni?”

Heliamu imo hewani kweli. Jambo ambalo muulizaji hajalitazama ni kiasi chake. Oksijeni ni karibu asilimia 21 ya hewa, na hata argoni, tunayoiita gesi adimu, inakaribia asilimia 1. Heliamu ni sehemu 5.2 tu kwa kila milioni. Ili kupata mita moja ya ujazo ya oksijeni unahitaji hewa isiyofika mita 5 za ujazo. Ili kupata mita moja ya ujazo ya heliamu, hata kama mtambo wako haupotezi atomi moja, unahitaji mita za ujazo 190,000 za hewa. Chukua uwanja wa kandanda wa mita 105 kwa 68, uinulie kuta pande zote hadi kimo cha mita 27, yaani kimo cha jengo la ghorofa 8 hivi, kisha uchuje hewa yote iliyomo ndani. Heliamu utakayotoka nayo, ukiigeuza kuwa kioevu, ni lita 1.3. Sumaku ya kawaida ya MRI yenye nguvu ya tesla 1.5 hubeba kati ya lita 1,500 na 2,000. Kwa sumaku ya lita 1,700 utahitaji hewa ya viwanja kama hivyo takriban 1,280, na hiyo ni kuijaza mara moja tu.

Tena mitambo iliyopo haikuundwa kwa kazi hiyo. Ile ya uani mwa hospitali hutumia zeoliti, madini yenye vitundu vidogo mno, ambayo hunasa naitrojeni chini ya kanieneo na kuiacha oksijeni ipite. Heliamu hupita humo bila kuguswa na bila kukusanywa. Viwanda vikubwa hupoza hewa hadi ikawa kioevu, kisha huikeneka: oksijeni huchemka kwa nyuzi −183, argoni kwa −186, naitrojeni kwa −196. Katika baridi hiyo heliamu, ambayo huchemka kwa nyuzi −269, ingali gesi. Hukusanyika kileleni mwa mnara pamoja na neoni na mabaki ya naitrojeni, na kwa kawaida huachiliwa itoke, kwa kuwa gharama ya kuitenga inapita thamani yake.

Mwanafunzi mmoja, na nampongeza kwa hilo, alinibana: “Mwalimu, mbona neoni hutolewa hewani, na yenyewe ni sehemu 18 tu kwa milioni?” Ni kweli hutolewa. Hutolewa katika viwanda vikubwa mno vya kutenganisha hewa, vingi vyavyo vikiwa vimejengwa kando ya viwanda vya chuma ambavyo huhitaji oksijeni kwa maelfu ya tani. Hewa tayari imekwisha kupozwa kwa ajili ya chuma, na neoni huokotwa kama makombo ya karamu ya mwingine, pamoja na heliamu kidogo. Vilevile dunia huhitaji neoni kidogo sana, na wanaoihitaji, hasa watengenezaji wa chipu za kompyuta, wako tayari kuilipia ghali. Heliamu dunia hutumia takriban mita za ujazo milioni 170 kwa mwaka. Hakuna viwanda vya chuma vya kutosha duniani kuiokota kwa njia hiyo.

Hutoka wapi basi? Hapa ndipo ninapotaka mwanafunzi akae kidogo, kwa sababu akiielewa asili yake hatarudia swali lile. Mwaka 1903, katika mji mdogo wa Dexter, jimbo la Kansas nchini Marekani, wachimbaji walipata kisima cha gesi chenye nguvu nyingi, na wenyeji wakakusanyika kuiona ikiwashwa. Moto ulizimika kila ulipokaribishwa. Sampuli ilipelekwa Chuo Kikuu cha Kansas, na mwaka 1905 Hamilton Cady na David McFarland wakatangaza kwamba ilikuwa na naitrojeni nyingi na karibu asilimia 2 ya heliamu, gesi ambayo hadi wakati huo ilidhaniwa kuwa haipatikani duniani isipokuwa kwa viwango vya maabara. Miaka 10 kabla yake William Ramsay, akiwa London, alikuwa ameitoa katika madini yenye uraniamu. Jibu la kwa nini uraniamu lilikuja muda mfupi baadaye, Ernest Rutherford na Thomas Royds walipoonyesha kwamba chembe ya alfa, ile inayorushwa na uraniamu na elementi nyingine nururifu zinapooza, ni kiini cha heliamu. Kila chembe ya alfa inayotoka katika mwamba hunyakua elektroni mbili na kuwa atomi ya heliamu. Uraniamu-238 hutoa chembe 8 za alfa kabla ya kutulia kuwa risasi, nayo thoriamu-232 hutoa 6.

Sasa fanya hesabu ambayo huwapa wanafunzi wote wanaopita kwangu. Nusu-uhai ya uraniamu-238, yaani muda wa nusu yake kuoza, ni miaka bilioni 4.5. Kilo moja yake, pamoja na vizazi vyake vyote, hutoa kwa mwaka mzima heliamu yenye ujazo wa milimita za ujazo 0.12 hivi, ambayo ni kama punje moja ya mchanga. Lita moja huchukua miaka milioni 8. Baluni ya kawaida ya sherehe hubeba takriban lita 14, kwa hiyo kilo hiyo moja ya uraniamu ingehitaji zaidi ya miaka milioni 100 kujaza baluni moja ya mtoto. Hicho ndicho “kiwanda” cha heliamu: mwamba mkongwe wenye uraniamu na thoriamu iliyotawanyika, na muda ambao hakuna mwekezaji awezaye kuununua.

Muda peke yake hautoshi. Atomi ya heliamu ni ndogo kiasi kwamba hupenya mwamba ambao huzuia gesi nyingine, na haishikamani kikemia na chochote njiani. Ili ikusanyike, lazima juu ya hifadhi kuwe na kifuniko kisichopitisha kitu, kama vile tabaka la chumvi, na kifuniko hicho kidumu bila kupasuka kwa mamilioni ya miaka. Vifuniko vya namna hiyo ndivyo vinavyoshika pia gesi asilia, na ndiyo sababu karibu heliamu yote tunayotumia hutoka visimani pamoja na gesi asilia. Kwa kawaida kisima huhesabiwa kuwa cha maana kikiwa na heliamu kuanzia asilimia 0.3. Qatar ni tofauti: gesi yake ina asilimia 0.04 tu, lakini kwa kuwa huigeuza kuwa kioevu kwa wingi mkubwa ili kuisafirisha, heliamu hubaki mwishoni ikiwa imejikusanya yenyewe. Zingatia kwamba hata hiyo asilimia 0.04, inayohesabiwa kuwa ndogo, ni zaidi ya mara 75 ya iliyomo hewani.

Kutokana na asili hiyo hufuata tabia ya soko ambayo afisa wa ununuzi huiona kama ukaidi wa wauzaji. Heliamu ni zao la pembeni. Hakuna anayechimba gesi zaidi kwa sababu tu hospitali zimekosa heliamu, na mtambo wa gesi ukisimama, heliamu husimama nayo. Nchi chache mno ndizo zinazoitoa kwa wingi, zikiongozwa na Marekani na Qatar, zikifuatwa kwa mbali na Algeria na Urusi. Juni 2017 majirani wa Qatar walipofunga mipaka yao, mitambo ya heliamu ya nchi hiyo ilisimama kwa majuma kadhaa, na dunia nzima ikahisi. Mwanzoni mwa 2022 moto katika mtambo mpya wa Amur nchini Urusi uliondoa sokoni shehena zilizokuwa zimekwisha kuwekewa matumaini. Wala huwezi kuirundika ghalani kama mahindi. Kontena kubwa la heliamu kioevu, la lita 40,000 hivi, lina muda wa majuma kadhaa tu baharini kabla joto linalojipenyeza halijapandisha kanieneo hadi gesi ilazimike kuachiliwa. Hifadhi kubwa ya chini ya ardhi iliyofahamika zaidi ilikuwa ya serikali ya Marekani karibu na Amarillo, Texas, ambayo mpango wake ulianza mwaka 1925. Sheria ya 1996 iliagiza iuzwe, nyingine ya 2013 ikarekebisha namna ya kuiuza, na mwaka 2024 mfumo huo ulikabidhiwa kampuni binafsi.

Nimeeleza hayo kwa urefu kwa sababu dhana zilizobaki ni watoto wa hiyo ya kwanza, na nyingi zinajibika kwa maneno machache.

“Heliamu ni elementi ya pili kwa wingi, haiwezi kuadimika”

Ni ya pili kwa wingi ulimwenguni, takriban robo ya maada ya kawaida kwa uzani, na sehemu kubwa yake iliundwa katika dakika za mwanzo kabisa za ulimwengu. Iligunduliwa kwanza katika mwanga wa Jua, wakati wa kupatwa kwa Jua mwaka 1868, na ndiyo maana ikapewa jina la Kigiriki la Jua. Takwimu ya ulimwengu haijazi tangi la mtu yeyote. Dunia ilipoumbika, gesi hii nyepesi isiyoungana na kitu haikuwa na pa kushika, na iliyopo sasa ardhini karibu yote ni ile iliyozaliwa na elementi nururifu.

“Ikitoka huenda moja kwa moja anga za juu”

Dhana hii huenezwa hata na wanaoitetea heliamu, na mwanafunzi makini angepaswa kuishuku. Katika joto la chumba, atomi ya heliamu husafiri kwa kasi ya wastani ya takriban kilomita 1.4 kwa sekunde, ilhali kuiponyoka Dunia kunahitaji kilomita 11.2 kwa sekunde. Hata kwenye tabaka la juu kabisa la angahewa, ambako joto hufikia kelvini 1,000 hivi (kelvini huhesabiwa kuanzia nyuzi −273), wastani wake ni kilomita 2.5 kwa sekunde, na ni atomi chache zenye kasi isiyo ya kawaida ndizo zinazoponyoka, pamoja na nyingine zinazopokonywa elektroni na kusukumwa nje kupitia maeneo ya ncha za Dunia. Kwa hiyo heliamu inayovuja leo katika chumba cha mashine itabaki angani kwa muda mrefu kuliko historia yote ya binadamu. Imepotea kwetu kwa sababu nyingine: imechanganyika na hewa hadi kuwa ile sehemu 5 kwa milioni, na tumekwisha kuona gharama ya kuitoa humo. Maji yakimwagika hayazoleki, ingawa yangalipo sakafuni.

“Viini vya atomi vikianza kuunganishwa kuzalisha umeme, tutapata heliamu tele”

Nilipenda dhana hii nilipokuwa kijana, hadi nilipoketi na kalamu. Muungano mmoja wa deuteriamu na tritiamu, aina mbili nzito za haidrojeni, hutoa atomi moja ya heliamu na nishati ya elektronivolti milioni 17.6. Tuseme mtambo unazalisha joto la gigawati 1 bila kusimama mwaka mzima. Gawanya, zidisha kwa sekunde za mwaka, na utapata kilo 75 hivi za heliamu. Hizo ni lita 600 za kioevu, ambazo hazifikii nusu ya sumaku moja ya MRI. Wanafunzi wanapolileta wazo hili, huwapa karatasi na kuwaacha wafanye hesabu wenyewe, kwa sababu hesabu waliyoifanya wao wataiamini kuliko maneno yangu.

“Tanzania wamegundua heliamu, kwa hiyo upungufu umekwisha”

Jambo lenyewe ni kubwa, na linanifurahisha kwa dhati. Mwaka 2016 watafiti wa vyuo vikuu vya Oxford na Durham, wakishirikiana na kampuni ya utafutaji, walitangaza kwamba gesi inayobubujika katika bonde la Rukwa ina heliamu inayofikia takriban asilimia 10, ikiwa imechanganyika zaidi na naitrojeni kuliko na gesi asilia. Makadirio ya wakati huo yalikuwa futi za ujazo bilioni 54, yaani takriban mita za ujazo bilioni 1.5. Maelezo yao yanafaa kusomeshwa katika kila darasa la jiolojia Afrika Mashariki: mwamba wa kale wa Tanzania umekuwa ukijikusanyia heliamu kwa zaidi ya miaka bilioni 2, na joto la Bonde la Ufa ndilo lililoifungua na kuisukuma juu. Joto likizidi, karibu mno na volkano, kabonidayoksaidi huja kwa wingi na kuizimua. Hifadhi nzuri iko mahali ambapo joto limetosha kuiachilia heliamu na kifuniko kingali kizima.

Hata hivyo, makadirio ya kilichoko ardhini ni kitu kimoja, na kontena linaloondoka bandarini ni kitu kingine. Kati yake kuna kuchimba, kupima mtiririko kwa muda mrefu, kutenganisha, kupoza hadi nyuzi −269 na kusafirisha. Uchimbaji wa majaribio umekwisha kufanyika, na heliamu imefika juu ya ardhi. Lakini gawanya bilioni 1.5 kwa milioni 170 utaona kwamba hata ikitoka yote ni mahitaji ya dunia ya miaka 9 hivi. Itakuwa neema kubwa kwa ukanda huu, na hospitali za Nairobi zitakuwa karibu na chanzo kuliko zilivyowahi kuwa. Haitaifanya kuwa gesi ya kupuuzwa. Vivyo hivyo, sikubaliani na wale wa upande wa pili wanaotangaza kwamba heliamu itaisha kabisa katika miaka michache. Hifadhi za ardhini zipo. Kinachokatika mara kwa mara ni mnyororo mwembamba wa mitambo michache na meli zinazobeba kitu kisichongoja.

“Heliamu ni ya mabaluni”

Baluni ni matumizi yanayoonekana zaidi na yaliyo duni zaidi. Matumizi mazito kila moja yana sababu yake ya kifizikia, na mwanafunzi azijue sababu badala ya kukariri orodha. Tangi la roketi lenye haidrojeni kioevu liko katika nyuzi −253, na karibu gesi nyingine yoyote ukiitumia kulisukuma itaganda, heliamu haigandi. Atomi yake ni ndogo, kwa hiyo hupita kwenye ufa ambao kipimo kingine hakiuoni, na hivyo hutumika kutafuta mivujo. Husafirisha joto haraka, ndiyo maana nyuzi za kioo za mawasiliano na vipande vya silikoni hupozwa kwa heliamu wakati wa kutengenezwa. Mzamiaji wa vina virefu huichanganya na oksijeni kwa sababu hailevyi kama naitrojeni ilevyavyo chini ya kanieneo kubwa. Mtambo wa CERN, maabara ya fizikia ya Ulaya, wa kugonganisha chembe hushikilia sumaku zake katika kelvini 1.9 kwa takriban tani 120 za heliamu. Katika maabara zetu za kemia hutumika kubeba sampuli ndani ya mashine za kromatografia, zinazotenganisha kemikali zilizochanganyika, na hapo ushauri wangu ni wazi: uchanganuzi mwingi wa aina hiyo unaweza kuhamishiwa kwenye haidrojeni au naitrojeni, kwa hiyo uhamisheni, na heliamu ibaki kwa vipimo ambavyo haviwezi kufanyika bila yake.

Wapo wanaoniuliza kama inawaka, kwa kuwa wamesikia habari za Hindenburg, ndege kubwa ya Kijerumani iliyoelea angani kwa gesi, iliyoteketea mwaka 1937. Ndege ile ilijazwa haidrojeni kwa sababu Wajerumani hawakupata heliamu, ambayo Marekani ilikuwa imeizuia kutoka nchini. Haidrojeni nayo hupaisha baluni, tena kwa gharama ndogo. Ukiuziwa baluni inayopaa kwa bei ya chini mno, uliza imejazwa nini kabla hujaiweka karibu na mishumaa ya keki.

Kuhusu kuvuta heliamu ili sauti iwe nyembamba, nitasema machache kwa sababu hunikasirisha. Nyuzi za sauti hutetemeka karibu kama kawaida. Kinachobadilika ni mwangwi wa koo na kinywa, kwa kuwa sauti husafiri kwa takriban mita 1,000 kwa sekunde katika heliamu badala ya 343 katika hewa. Gesi hii haina sumu, na hiyo ndiyo hatari yake: pafu lililojaa heliamu halina oksijeni, na mwili hauonyi, kwa sababu hamu ya kupumua huletwa na kabonidayoksaidi ambayo unaendelea kuitoa nje. Mtu huzimia bila kuhisi kwamba anakosa hewa. Anayevuta moja kwa moja kutoka kwenye mtungi huongeza hatari ya kupasuka mapafu kwa kanieneo. Watu wamekufa kwa namna zote mbili, na sitamruhusu mwanafunzi wangu yeyote afanye mzaha huo mbele yangu.

“Mashine ya MRI huchoma heliamu, kwa hiyo izimwe usiku”

Hii ndiyo inayonigharimu usingizi. Heliamu si mafuta ya mashine. Sumaku ni koili ya waya wa niobiamu na titaniamu ambao, ukipozwa chini ya kelvini 9 hivi, hupoteza ukinzani wote wa umeme. Heike Kamerlingh Onnes, aliyekuwa wa kwanza kuigeuza heliamu kuwa kioevu huko Leiden mwaka 1908, ndiye aliyeona tabia hiyo mwaka 1911, katika zebaki. Mkondo ukishawashwa huzunguka ndani ya koili kwa miaka bila kuongezewa, na sumaku hubaki na nguvu hata jengo zima likiwa gizani. Kuzima swichi ya ukutani hakuizimi. Wala naitrojeni kioevu, ambayo ni rahisi kupata hapa mjini, haiwezi kushika nafasi ya heliamu: nyuzi −196 ni kelvini 77, na waya huo katika kelvini 77 ni waya wa kawaida.

Kinachozimika unapozima umeme ni kompresa, pamoja na mtambo wa kupoza maji unaoihudumia. Hivyo viwili ndivyo huirudisha katika kioevu heliamu inayovukizwa na joto kidogo linalojipenyeza. Vikifanya kazi, sumaku ya kisasa haipotezi kitu. Vikisimama, kila wati moja ya joto huvukiza lita 1.4 kwa saa, kwa kuwa joto fiche la heliamu, yaani joto linalohitajika kuivukiza, ni dogo ajabu, na gesi hiyo hutoka nje kupitia bomba la paani. Hospitali moja, ambayo sitaitaja, iliamua kupunguza bili ya umeme kwa kuzima kompresa kila Ijumaa jioni hadi Jumatatu asubuhi. Hizo ni saa zaidi ya 60, yaani lita 84 na zaidi kila wikendi hata kwa hesabu ya wati moja. Nilipoitwa baada ya miezi mitatu, tangi lilikuwa chini ya nusu, na aliyeamuru kuzima alikuwa na hakika kwamba mashine “inakula” heliamu kwa sababu ya wingi wa wagonjwa. Umeme uliookolewa haukufikia hata sehemu ndogo ya gharama ya kujaza upya.

Kioevu kikishuka mno, sehemu ya waya hupata joto, ukinzani hurudi, na nishati yote ya sumaku hugeuka kuwa joto kwa sekunde chache. Mafundi tunaiita kwenchi. Kila lita ya kioevu huwa lita 750 hivi za gesi, na sumaku ya lita 1,700 hutoa zaidi ya mita za ujazo 1,200, ambazo zingejaza chumba cha mashine mara nyingi. Ndiyo maana kuna bomba pana la kuzitoa nje, na ndiyo maana hukagua mdomo wa bomba hilo paani kila ninapotembelea hospitali, kwa kuwa ndege hujenga viota humo na mvua za masika huingiza maji. Bomba likiziba, gesi hurudi chumbani na kufukuza oksijeni.

Zipo sasa sumaku mpya zilizozibwa kabisa, zenye lita 7 tu za heliamu maisha yake yote, na hospitali inayonunua mashine mpya ingefaa kuziulizia. Kwa zilizopo, ombi langu kwa kila idara ya mionzi ni lile lile: kompresa na mtambo wa kupoza maji viunganishwe kwenye jenereta, swichi zake zibandikwe alama ya kutozimwa, na mtu mmoja mwenye jina linalojulikana aandike kila asubuhi kiwango cha heliamu na kanieneo la tangi kabla mgonjwa wa kwanza hajaingia. Kanieneo likianza kupanda kati ya asubuhi moja na inayofuata, nipigiwe simu siku hiyo hiyo, hata kama picha zinatoka vizuri.